Giza la mwezi na akaunti ya benki: kisa cha muuza omena wa Kibuye

Hundi ilikuwa ya shilingi 186,000. Mwandiko safi, saini mbili, na ile mistari miwili ya pembeni inayosema kwamba fedha hizi zitapitia akaunti ya aliyetajwa, si mkononi. Taabu ni kwamba aliyetajwa hakuwapo duniani. Kiwanda cha chakula cha mifugo kule Nakuru kilinakili jina kutoka kwenye risiti, risiti ilinakili jina lililopakwa rangi juu ya kibanda sokoni Kibuye, na jina la kibandani lilitoka kichwani mwa fundi wa rangi miaka tisa iliyopita. Halikuwa limesajiliwa popote. Mwenye kibanda alikuwa na akaunti ya akiba kwa jina lake mwenyewe, akaipeleka hundi huko, na karani akamrudishia kwa upole: majina hayafanani, mama.

Alifika kwangu Alhamisi mchana, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mimi huweka hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu. Nusu ya soko humwita Mama Omena, nami nitamwita hivyo hivyo. Hakutaka hata kukaa. "Kijana wangu, niambie benki nzuri ni ipi, nikafungue leo leo."

Swali hilo huulizwa ofisini kwangu karibu kila wiki na nimejifunza kutolijibu haraka. Nilimwomba simu yake, kitabu chake cha madeni, na kalenda.

"Kalenda ya nini?"

"Ya mwezi. Ule wa juu."

Hapo akacheka, akavuta kiti.

Asiyejua omena atashangaa mwezi unaingiaje katika mambo ya benki. Omena, ambao Watanzania huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huelea juu ya maji, samaki huifuata, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina taa na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo wiki za giza omena hujaa ufukweni na bei hushuka. Mwezi ukijaa, boti nyingi hupumzika na bei hupanda. Mama Omena hununua Usenge na Wichlum, upande wa Bondo, wakati wa giza. Huuza mwezi mzima: omena safi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, pale Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, na ile iliyonyeshewa ikiwa bado mchangani, ambayo haifai tena kwa mezani, huenda Nakuru kusagwa kuwa chakula cha kuku.

Tulipochora mzunguko huo kwenye kalenda, picha ilikuwa wazi. Pesa yake hufikia kilele siku chache kabla ya giza kuingia, gunia la mwisho likishauzwa, halafu hutoweka yote ndani ya siku nne au tano. Baada ya hapo hurudi kidogo kidogo. Juu ya mzunguko huo mdogo upo mkubwa: uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka ili samaki wazaane, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, na miezi hiyo huishi kwa kuuza mabaki ya ghala na kwa kukopa. Karo ya muhula wa pili nayo huja hapo hapo katikati ya ukame huo.

Sasa, mtu wa namna hii ukimuuliza anataka akaunti ya riba kiasi gani, umeuliza swali la mtu mwingine. Tulipiga hesabu. Kilele chake kabla ya giza ni kama 180,000, na pesa hiyo hukaa bure kwa siku kumi hivi. Ukiiweka kwenye akaunti ya riba ya asilimia 7 kwa mwaka, siku kumi zinakupa shilingi 345. Serikali hukata asilimia 15 ya riba, unabaki na 293. Upande wa pili wa karatasi tuliandika alichopoteza mwaka uliopita alipokosa kununua siku za kwanza za giza kwa sababu pesa ilikuwa imekwama: magunia 30 aliyokuja kuyanunua baadaye kwa shilingi 1,100 zaidi kila moja. 33,000. Aliitazama ile 293 kwa muda. "Hii ni nauli ya boda," akasema.

Hundi tuliishughulikia kwanza kwa sababu zilikuwa zimebaki siku tisa giza liingie. Hundi Kenya hudumu miezi sita, kwa hiyo haingekufa, lakini omena wasingeisubiri. Nilimpigia mhasibu wa kiwanda. Akakubali kuifuta na kutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake ya akiba, kwa sharti la barua na nakala ya kitambulisho. Zilifika Jumanne. Siku tano zilikuwa zimeliwa na jina lililopakwa rangi.

Usajili wenyewe haukuwa mgumu. Jina la biashara husajiliwa kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa simu tu. Isipokuwa jina la kibandani lilikuwa na mwenyewe tayari. Tukajaribu la pili, nalo lina mtu. La tatu likapita, na fundi wa rangi akaitwa tena. Nawaambia wateja wangu wote: kabla hujachapisha vitabu vya risiti, tafuta jina hilo kwenye mfumo. Hakuna anayesikia.

Alichokuwa nacho tayari

Watu wengi huja kutafuta akaunti mpya wakiwa na akaunti nne wasizozihesabu. Yeye alikuwa na laini ya M-Pesa iliyobeba kila kitu: wateja, wavuvi, karo, matanga, mkwe. Alikuwa na ile akaunti ya akiba ya benki, aliyoifungua zamani na ambayo ilikuwa na shilingi 2,300. Alikuwa na 140,000 kwenye Sacco ya wafanyabiashara. Halafu kulikuwa na nyoluoro, chama cha akina mama 12 wanaochanga 2,000 kila wiki na kupeana zamu, na yeye ndiye mweka hazina. Michango ilipitia laini ile ile.

Kuhusu Sacco alikuwa na imani ambayo nimeikuta kwa wengi: kwamba zile 140,000 ni akiba ya dharura. Sivyo. Amana za Sacco za aina hiyo hazitolewi. Ni dhamana ya mkopo. Kwake zilimpa haki ya kukopa hadi mara tatu, yaani 420,000, akiwa na wadhamini, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Ni mkopo wa bei nzuri kuliko mwingi utakaoupata mjini. Lakini kuzitoa amana zenyewe ni mpaka ajiuzulu uanachama na kusubiri siku 60. Siku 60 ni giza mbili. Tukaandika pembeni: Sacco ni ya kununulia kitu kitakachodumu, kama vichanja vya kuanikia au pikapu. Si ya kununulia omena, wala si ya msiba.

Laini ya M-Pesa ilikuwa na ubaya wa aina nyingine. Salio lililo mfukoni lina jamaa wengi. Simu ikilia saa mbili usiku kwamba kuna mwili unatolewa mochari kesho, huwezi kusema huna, ilhali aliyekupigia aliketi kibandani kwako mchana akisikia ujumbe wa malipo ukiingia mmoja baada ya mwingine. Tulipopitia taarifa ya miezi mitatu tuliona pia mara nyingi alizoingia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kutumia zaidi ya salio, usiku wa kwanza wa giza, kwa ada ya asilimia moja ya kufungulia na ada nyingine ya kila siku, ilhali wiki moja nyuma alikuwa na zaidi ya laki. Nilimwonyesha. Hakusema kitu, alikunja tu ile karatasi.

Karatasi tatu za ada

Benki tulizolinganisha kwa ajili ya akaunti mpya ya biashara zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kubwa, yenye akaunti ya biashara isiyo na ada ya mwezi ila kila muamala unalipiwa. Ya pili ni ya ukubwa wa kati, inatoza 600 kila mwezi na kupunguza ada nyingine. Ya tatu ni benki ndogo ya mikopo midogo, yenye meneja mchangamfu aliyemfuata hadi kibandani na kalamu za zawadi.

Vipeperushi havisomeki, vimeandikwa ili usilinganishe. Njia ninayoitumia ni ya kuchosha lakini haidanganyi: unachukua miamala halisi ya mwezi mmoja na kuipitisha yote kwenye karatasi ya ada ya kila benki, kana kwamba mwezi huo uliishi huko. Mwezi wake wa kawaida una kutuma pesa kutoka akaunti kwenda simu mara 14, kutuma benki nyingine mara mbili (mwenye lori na muuza magunia), na taarifa moja ya akaunti iliyopigwa muhuri. Kuweka pesa taslimu kwa wakala hakulipishwi kote kutatu.

Benki ya kwanza: kutuma kwenye simu wastani wa 60, jumla 840, benki nyingine 200, taarifa 100. Jumla 1,140. Ya pili: 600 za mwezi, 560 za simu, 100 za benki nyingine, taarifa bure. 1,260. Ya tatu: simu 420 tu, rahisi kuliko zote, lakini ilikuwa haijaunganishwa na PesaLink, ule mfumo wa kutuma kati ya benki papo hapo, na kila malipo ya nje yalipita njia ile ya malipo makubwa kwa 500, taarifa bure. Jumla 1,420.

Kati ya aliye rahisi na aliye ghali, tofauti ni shilingi 280 kwa mwezi. Tulikesha na taa kwa ajili ya bei ya sahani mbili za ugali na mboga.

Hata hivyo hesabu hiyo ilisema jambo moja la maana ambalo sikulitarajia. Ukiipitisha miezi ya kufungwa kwa uvuvi, anapotuma mara tatu au nne tu, benki ya kwanza inashuka hadi chini ya 400 huku ya pili ikiendelea kudai 600 zake awepo asiwepo. Biashara inayolala miezi minne kwa mwaka haifai kulipia kodi ya nyumba isiyolala ndani yake. Ningekuwa namshauri mwenye duka la dawa kule Kondele, anayeuza sawasawa Januari hadi Desemba, ningeielekea ya pili bila kusita.

Mambo mawili ndiyo yaliyoamua, na hakuna hata moja lililo kwenye kipeperushi. La kwanza ni mteja wake mkubwa analipaje. Kiwanda kile kilikuwa na akaunti katika benki ya kwanza, na mhasibu alisema waziwazi kwamba walio na akaunti humo huwalipa kwa kuhamisha siku hiyo hiyo, wengine huwaandikia hundi kila Ijumaa ya pili. Hundi ikishatoka inahitaji kuchukuliwa, kupelekwa, na kungoja siku ya kazi ya kulinganishwa kati ya benki. Kwa pesa ya giza, siku hizo ndizo faida.

La pili lilitulazimu kusafiri. Nilimwambia asifungue chochote mpaka tuone ufukweni kukoje, tukapanda matatu ya Bondo na kufika Usenge alfajiri ya giza la pili. Nilitaka kujua kama wakala wa benki hizi wapo na wana pesa. Wapo wawili. Saa moja asubuhi wote walikuwa wamekauka. Boti zilikuwa zimetia nanga na kila mnunuzi alitaka taslimu wakati mmoja. Lakini tukaona pia kwamba wenye boti wengi hawataki taslimu tena. Wanataka M-Pesa kabla gunia halijafungwa. Kwa hiyo wakala wa ufukweni, niliyemfanya jambo kubwa kichwani mwangu, hakuwa na uzito. Uzito ulikuwa kwenye kutoa pesa benki kwenda simu usiku wa manane, mfumo ukiwa hai. Tulijaribu kwa akaunti za watu waliokuwapo pale, mia mia. Ya benki ndogo ilikwama dakika arobaini. Meneja na kalamu zake akawa ameondoka kwenye orodha hivyo.

Alifungua ya kwanza, kwa cheti cha jina la biashara, PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato), kitambulisho na kibali cha kaunti. Sokoni tukaweka till, namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa, iliyofungwa moja kwa moja kwenye akaunti hiyo. Mteja wa gorogoro analipa bila makato upande wake, na muuzaji hukatwa takriban nusu shilingi kwa kila mia, malipo madogo ya hadi 200 yakisamehewa. Faida niliyoipenda zaidi si ya ada. Binti anayemsaidia kuuza anaona malipo yakiingia lakini hawezi kuyatoa, na shemeji aliyeketi kibandani hasikii kitu kikilia kwenye simu ya mama.

Ya miezi minne

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo kisa hiki kilinifundisha kuliko vingine.

Pesa ya mzunguko mdogo tuliiacha kwenye akaunti ya kawaida, bila riba na bila aibu. Lakini pesa ya kufungwa kwa uvuvi ni nyingine. Inakusanywa kuanzia Agosti, haihitajiki mpaka Aprili, na tarehe yake inajulikana. Hii ndiyo pesa inayostahili kuulizwa habari za riba.

Nilipendekeza mfuko wa soko la fedha, ambamo pesa za watu wengi hukusanywa na kuwekezwa kwa muda mfupi. Mifuko hii husimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mali zake hushikwa na benki mtunzaji na si meneja mwenyewe, riba huhesabiwa kila siku na unaweza kutoa ndani ya siku chache. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Jengo lao liko wapi hapa Kisumu?" Nikamwambia wengi makao yao ni Nairobi. "Basi." Nilijaribu hati za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa siku 91 au 182, zinazonunuliwa sasa kwa simu kupitia mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu. Alizipenda zaidi, kwa kuwa serikali ina jengo, ila kuanza ni 50,000 kwa mkupuo na Agosti hana hizo.

Hakuwa mjinga katika wasiwasi wake. Anakumbuka Oktoba 2015 Imperial Bank ilipofungiwa, na Aprili 2016 zamu ya Chase Bank, anakumbuka foleni. Nilimweleza kwamba tangu Julai 2020 Shirika la Bima ya Amana humlinda mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 kwa kila benki, kutoka 100,000 za zamani, na kwamba kinga hiyo haihusu Sacco wala mifuko ya uwekezaji. Nikaongeza kwamba jina la biashara si mtu wa pili mbele ya sheria, kwa hiyo ahesabu akaunti yake binafsi na ya biashara katika benki moja kama rundo moja. Rundo lake halifiki nusu milioni. Akatulia, akachagua amana ya muda maalumu kwenye benki ile ile ya akiba ya zamani, mbali na ya biashara.

Kufikia Januari alikuwa na 110,000. Nikamwambia aifunge yote kwa siku 90, riba asilimia 9, itoke mwanzoni mwa Aprili. Nikaongeza, kwa sauti ya mwalimu, "Na hii mama isiguswe."

Mwisho wa Januari kiwanda kilichelewesha malipo wiki tatu. Giza likaingia, omena wakajaa, naye akawa na pengo la 60,000. Hakunipigia simu. Alikopa chamani, kwa riba ya chama, asilimia 10 kwa mwezi. Alilipa 6,000.

Riba ya ile amana nzima kwa siku zote 90 ilikuwa 2,441, na baada ya kodi 2,075. Angeivunja yote siku hiyo, hasara kubwa kabisa ambayo ingempata ni hizo 2,075, na pengine benki ingekubali kuvunja sehemu. Alilipa karibu mara tatu ya hapo kulinda neno langu. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Si wewe ulisema isiguswe?"

Mshauri wa fedha hupenda kusema neno nidhamu. Mimi sasa husema bei: kuvunja kunagharimu hiki, kukopa kunagharimu hiki, chagua. Msimu uliofuata tuliigawa akiba vipande vitatu vya karibu 40,000, kila kimoja na tarehe yake, na juu ya cheti cha kila kipande nikaandika kwa penseli gharama ya kukivunja. Alivunja kimoja Machi. Ilimgharimu mia sita na kitu, akanunua magunia 14 kwa bei ya giza.

Taarifa ya miezi mitatu

Limebaki jambo ambalo lilianza kama la pembeni. Ile taarifa ya M-Pesa tuliyoitumia kutafuta ada ilionyesha kwamba katika miezi mitatu zilimwingilia shilingi 2,310,000. Nilipoitenga, 286,000 zilikuwa michango ya wanachama 11 wenzake wa chama. 96,000 zilikuwa za matanga na jamaa. 148,000 zilikuwa pesa yake mwenyewe ikirudi kutoka M-Shwari, akiba iliyo ndani ya M-Pesa. Mauzo halisi yalikuwa 1,780,000.

Kodi ya mauzo ghafi kwa biashara ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mkaguzi wa kodi akiamua kila kilichoingia ni mauzo, angedaiwa 69,300 kwa miezi hiyo. Kwa mauzo ya kweli ni 53,400. Tofauti ya 15,900 inatokana tu na pesa za watu wengine kupita mlangoni kwako. Ukikumbuka kwamba tulikesha kwa ajili ya 280, utaelewa kwa nini nilinyamaza kidogo.

Lakini si hiyo tu. Faida yake baada ya gharama zote ni kama shilingi tisa kwa kila mia. Asilimia 3 ya mauzo ni theluthi ya faida. Sheria humruhusu kuandika barua kwa Kamishna wa kodi ajiondoe kwenye kodi hiyo, alipe ya mapato ya kawaida juu ya faida. Kwa mauzo ya 5,300,000 kwa mwaka na faida ya 480,000, ile ya mauzo ni 159,000. Ya mapato, kwa viwango vya mtu binafsi na baada ya nafuu ya 28,800, ni takriban 53,000. Hiyo tofauti ni zaidi ya laki kila mwaka, na hakuna akaunti ya akiba Kisumu nzima itakayompa kiasi hicho.

Sharti lake ni vitabu. Lazima karibu kila gharama iwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na mwenye boti wa Wichlum hana eTIMS. Tangu mwisho wa 2024 mnunuzi anaweza kutoa ankara hiyo mwenyewe anaponunua kwa muuzaji mdogo, na binti wa kibandani amejifunza kufanya hivyo ufukweni, kwa simu, mama akipima. Akaunti ya biashara, ambayo haiingii wala haitoki senti isiyo ya omena, ndiyo inayofanya vitabu hivyo viaminike. Barua kwa Kamishna tumeiandika. Ninataka kwanza tuwe na miezi kumi na miwili ya ankara zisizo na mapengo.

Ila michango ya chama bado inaingia kwenye laini yake. Kikundi kinahitaji cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, katiba, na kumbukumbu za mkutano uliochagua watia saini watatu. Katiba ipo. Watia saini wawili wanaishi Kisumu. Wa tatu aliyechaguliwa ni mama wa Ahero ambaye picha ya kitambulisho chake imefifia, na benki imekataa mara mbili. Ameomba kipya. Wengine wanataka achaguliwe mwingine badala yake, yeye anasema huko ni kumtoa kwa mlango wa nyuma, na mkutano wa Jumapili iliyopita ulivunjika kabla ya chai.